Mwanasaikolojia aliyempima kaka yangu yuko upande wa nani?

SWALI: Kaka yangu ameshtakiwa kwa kumjeruhi vibaya mtu waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Wakili wetu alituletea mwanasaikolojia, tukamlipa sisi. Alikaa na kaka siku tatu, akamsikiliza vizuri mpaka kaka akalia. Ripoti ilipotoka tumekuta ameandika kila kitu: ugomvi wake na shemeji, pombe, hata siku aliyompiga mdogo wetu tulipokuwa watoto. Halafu mwishoni hasemi kwamba kaka alikuwa kichaa. Anasema tu kulikuwa na "dalili za saikosisi katika kipindi cha tukio" (saikosisi ni akili kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Upande wa mashtaka nao wana mtaalamu wao, anasema kaka anaigiza. Naomba nieleweshwe: kazi ya hawa watu ni nini hasa, na huyu tuliyemlipa yuko upande wa nani? (Dada wa mshtakiwa)

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho, maana mengine yote yanategemea hilo. Mwanasaikolojia huyo hayuko upande wenu, wala hayuko upande wa mashtaka. Anayemtumikia ni mahakama, na hilo halibadiliki kwa sababu familia ndiyo iliyotoa fedha. Mlilipia saa zake za kazi. Maoni yake hayakuwemo kwenye malipo hayo, na mtaalamu anayekubali kulipwa zaidi kesi ikishinda anavunja maadili ya kazi yake waziwazi.

Wajibu huu hauko kwenye saikolojia peke yake. Moja ya hukumu zinazotajwa sana kuuhusu ni ya Uingereza, ya mwaka 1993, na ilihusu meli, Ikarian Reefer, iliyokwama na kuungua huku wenye meli na kampuni za bima wakivutana kama moto ule ulikuwa wa kukusudia. Jaji alichukua nafasi hiyo kuorodhesha mambo ambayo shahidi mtaalamu anapaswa kuyafanya: maoni yawe yake mwenyewe, yasitokane na shinikizo la kesi, asifiche jambo linaloweza kupunguza nguvu ya hoja yake, aseme pale ambapo swali liko nje ya utaalamu wake. Wahandisi, wahasibu, madaktari na wanasaikolojia katika nchi nyingi hupimwa kwa vigezo hivyo hivyo hadi leo.

Sasa tuje kwenye machozi ya kaka yako, kwa sababu nahisi hapo ndipo palipokuuma. Ufundi wa kusikiliza alioutumia ndio ule ule wa mshauri nasaha: sauti ya taratibu, kutokatiza maneno, kuacha kimya kifanye kazi yake. Mtu aliyewekwa ndani miezi kadhaa bila mtu wa kumsikiliza hufunguka kabisa. Ndiyo maana mtaalamu hana budi, kabla ya swali la kwanza, kumweleza anayepimwa mambo haya: yeye ni nani na ametumwa na nani, kwamba hajaja kumtibu, kwamba atakayoyasema yanaweza kuandikwa na kusomwa na jaji na mawakili wa pande zote, na kwamba ana haki ya kukataa kujibu. Kumwambia tu hakutoshi. Inabidi amtake arudie kwa maneno yake mwenyewe, aone kama ameelewa. Baada ya saa moja ya mazungumzo watu husahau, kwa hiyo mtaalamu makini humkatiza mtu hata katikati ya kilio: "Kumbuka, hili nitaliandika."

Fungua kurasa mbili za mwanzo za ripoti mtafute hayo. Lazima kuwe na aya inayosema mshtakiwa alielezwa nini na alionyeshaje kwamba ameelewa. Kama haipo, mwambieni wakili leo. Hiyo ni kasoro ya kweli katika kazi.

Kuhusu siri, kuna tofauti ambayo familia nyingi haziijui. Mtaalamu akiteuliwa na mahakama, ripoti huenda mahakamani moja kwa moja. Akiletwa na utetezi, katika nchi nyingi ripoti hubaki mikononi mwa wakili mpaka aamue kuitumia. Akishaitumia, mlango umefunguka: upande wa pili unaweza kudai maandishi ya mtaalamu aliyoyaandika kwa mkono, karatasi za alama za vipimo, hata rekodi za sauti. Mwulizeni wakili kama ripoti ya kaka imeshakabidhiwa au bado iko kabatini kwake. Sheria za nchi yenu ndizo zitakazoamua, na hilo ni jukumu lake kuwaeleza, si langu.

Je, ilikuwa lazima pombe, shemeji na ule ugomvi wa utotoni viandikwe? Ningekuwa mimi, vya shemeji pengine ningevifupisha. Lakini hivyo viwili vingine visingeachwa, na nina hakika havikuandikwa kwa ubaya.

Chukua pombe. Mtu anaweza kusikia sauti na kuona watu wanamfuata kwa sababu ya pombe nyingi, au kwa sababu ya kuiacha ghafla, bila kuwa na ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Na kwa kawaida sheria haimwonei huruma mtu aliyejilewesha mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la upande wa mashtaka litakuwa hilo: huyu si mgonjwa, ni mlevi. Mtaalamu asiyeigusa pombe ameacha shimo katikati ya ripoti, na atatumbukizwa humo na wakili wa kwanza atakayesimama. Aliyeigusa vizuri anaonyesha tarehe: kaka aliacha lini kunywa, aliwekwa mahabusu lini, na sauti ziliendelea kwa wiki ngapi baada ya pombe yote kuisha mwilini. Kama ziliendelea wiki ya nne na ya tano, hoja ya ulevi inaanza kuyumba. Ukurasa huo unaoona unawaaibisha huenda ndio wenye nguvu kuliko yote.

Ule ugomvi wa utotoni ni hivyo hivyo. Ukatili wa siku nyingi na ukatili ulioibuka ghafla ni vitu viwili tofauti mbele ya jaji. Mtu aliyepiga watu maisha yake yote, ugonjwa unaelezea kidogo tu kuhusu kwa nini alipiga tena. Lakini aliyempiga mdogo wake akiwa na miaka 11, akaishi miaka 20 bila kugusa mtu, kisha ndani ya miezi miwili akaanza kuziba madirisha, kuacha kula chakula alichopikiwa na mwishowe kumvamia mwenzake: hapo kuna mstari wa mabadiliko, na mstari hauonekani bila kuanzia mwanzo. Tena kuna jambo la kibinadamu tu. Jaji akikuta ripoti isiyo na baya hata moja kuhusu mshtakiwa, haiamini.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye hitimisho lililokuvunja moyo. Mlitaka aseme alikuwa kichaa. Lakini mahakama haiulizi hivyo, na swali aliloulizwa mtaalamu liko kwenye barua ya maelekezo aliyopewa na wakili. Tafuta barua hiyo. Maswali yanayoulizwa mara nyingi kwenye jinai hutofautiana kwa wakati. Kuna la sasa: je, leo hii mshtakiwa anaweza kuelewa mashtaka na kumsaidia wakili wake? Nchini Marekani kigezo chake kinatokana na kesi ya Dusky ya mwaka 1960, na kinaangalia uwezo wa leo tu, hata kama siku ya tukio alikuwa mzima kabisa. Kuna la jana: hali ya akili yake ilikuwaje alipotenda? Na kuna la kesho: uwezekano wa kurudia ni mkubwa kiasi gani? Mtu anaweza kuwa na skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili wenye saikosisi, iliyothibitishwa na bado akaonekana anafaa kushtakiwa na anawajibika kwa alichofanya. Jina la ugonjwa halimalizi kesi.

Kwenye swali la jana, nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado zinatumia kanuni iliyozaliwa London mwaka 1843. Daniel M'Naghten, mtu aliyeamini kwamba chama cha siasa cha Tory kinamwandama kila aendako, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Inaaminika alidhani ndiye Peel mwenyewe. Madaktari walitoa ushahidi kwamba hakuwa timamu, akaachiwa kwa sababu ya wendawazimu na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kelele zilikuwa kubwa, Malkia Victoria mwenyewe hakufurahi, na majaji wakatakiwa kueleza sheria inasemaje. Wakajibu: kutokana na maradhi ya akili, mtu awe hakujua anachokifanya ni kitu gani, au kama alijua, awe hakujua kwamba ni kosa.

Pima maneno hayo kwa mfano. Mtu anaamini kwa dhati kwamba mwenzake kazini anamtilia sumu kwenye maji ya kunywa. Wiki tatu amekuwa akibeba maji yake kutoka nyumbani na kulala na chupa chini ya mto. Siku moja anamchoma kisu. Baadaye anakiosha kisu na kukificha. Je, alijua anachofanya? Alijua: alijua ni kisu, alijua yule ni mtu. Alijua ni kosa? Hapo ndipo kazi inapoanza. Upande wa mashtaka utasema aliyeficha kisu alijua sheria itamfuata. Utetezi utasema alikificha ili genge la wenye sumu lisimwone, na kwa akili yake ile alikuwa anajiokoa. Tendo ni moja, maelezo mawili, na yote mawili yanaingia akilini. Mwanasaikolojia atatafuta kitu cha tatu cha kuyapambanua: alimwambia nani kuhusu sumu kabla ya siku ile? Aliwahi kwenda kuripoti? Alipokamatwa, maneno yake ya kwanza yalikuwa yapi, na yameandikwa na nani? Yule aliyekwenda kulalamika kwa msimamizi wake siku nane kabla kwamba anawekewa sumu, tena kwa maandishi, ana ushahidi ambao hakuna uigizaji unaoweza kuutengeneza baada ya tukio.

Kwa hiyo "dalili za saikosisi katika kipindi cha tukio" si maneno ya kukwepa. Ametaja dalili, ametaja wakati, akaishia pale mpaka wake unapoishia. Hatua ya kutoka kwenye dalili hadi "hana hatia kwa sababu ya wendawazimu" ni ya jaji, au baraza la wazee au jopo la raia pale wanapotumika. Nchini Marekani, John Hinckley alipoachiwa mwaka 1982 kwa kigezo cha kutokuwa timamu baada ya kumpiga risasi Rais Reagan, Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1984, na mahakama za shirikisho zikawakataza wataalamu kutamka kama mshtakiwa wa jinai alikuwa na hali ya akili inayohitajika kisheria au hakuwa nayo. Kwingine mtaalamu huruhusiwa kusogea karibu zaidi. Mimi niko na wanaokaa mbali: shahidi anayeng'ang'ania kutoa hukumu huwa anaharibu hata yale mazuri aliyoyapata.

Je, mtaalamu wenu alikupigia simu wewe, mama na bosi wa zamani wa kaka? Hukusema, lakini kama hakufanya hivyo ningeshangaa. Daktari anayetibu huamini anachoambiwa na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hana faida ya kudanganya. Mtu anayekabiliwa na kifungo ana faida, na anayejua hilo haishii kwenye maneno ya mshtakiwa. Anasoma jalada la kliniki, maelezo ya mashahidi polisi, rekodi za gerezani, video za kamera, ujumbe wa simu, taarifa za shule na kazi. Mahojiano ni sehemu moja tu ya saa zake, na mara nyingi si kubwa.

Kuhusu kuigiza, sitataja majina ya vipimo wala maswali yaliyomo, kwa sababu kipimo kikishasambaa hakifai tena. Lakini mantiki ya aina moja inafahamika na haina siri. Mtu anaonyeshwa michoro 50. Kisha anaonyeshwa jozi 50, kila jozi ina mchoro mmoja aliouona na mmoja mgeni, achague. Kazi inaonekana ngumu. Kwa kweli ni nyepesi sana, na hata wengi wenye kumbukumbu iliyoathirika kweli huifanya vizuri. Sasa fikiri: mtu aliyefumba macho na kubahatisha atapata kama 25. Anayepata 15 hajabahatisha. Uwezekano wa kushuka hivyo kwa bahati tupu ni chini ya 1 katika 200. Ili ukosee kiasi hicho, lazima uyajue majibu sahihi na kuyakwepa. Waigizaji wengi hawashuki hadi huko, kwa hiyo kuna viwango vingine vya tahadhari na vipimo vya dalili, sio vya kumbukumbu tu. Watu wanaoigiza saikosisi, kwa mfano, hupenda kuzidisha: sauti zinazopiga kelele saa zote bila kupumzika, zinazoamrisha na wao hutii kila amri, vituko vinavyoanza na kuisha kwa siku moja. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida una vipindi, na mwenye nao mara nyingi huuficha kuliko kuutangaza.

Hapa nina neno kwako. Mtaalamu wa mashtaka akisema "anaigiza", asiachiwe na neno hilo. Ametumia kipimo gani, alama zilikuwa ngapi, na je, mtu anaweza kuzidisha dalili na bado akawa mgonjwa? Jibu la hilo la mwisho ni ndiyo, na ni jambo la kawaida gerezani: mgonjwa wa kweli anayeogopa hataaminiwa huongeza chumvi. Kuigiza kidogo hakufuti ugonjwa.

Kwa nini wawili waliosomea fani moja wakatofautiana? Sababu ya kwanza haina uovu wowote: hawakumwona mtu yule yule. Kama wa kwanza alimpima wiki ya pili mahabusu na wa pili akaja mwezi wa saba, baada ya miezi ya dawa na usingizi, wote wanaweza kuwa wameandika ukweli. Linganisheni tarehe kabla ya kulinganisha maoni. Sababu ya pili ni nyaraka: mmoja alipewa jalada la kliniki, mwenzake hakupewa.

Ya tatu ni mbaya zaidi, na fani yetu imeipima yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Daniel Murrie, wa Chuo Kikuu cha Virginia, walichapisha jaribio ambalo wataalamu zaidi ya 100 wa saikolojia na magonjwa ya akili walilipwa kupitia majalada yale yale. Baadhi waliaminishwa wanafanya kazi ya mashtaka, wengine ya utetezi. Alama walizotoa zilielemea upande uliodhaniwa kuwalipa. Mwelekeo huo ulikuwa mkubwa zaidi kwenye kipimo cha usaikopathi (tabia ya kukosa huruma na majuto) kinachohitaji mtaalamu kukadiria mwenyewe, na mdogo kwenye kile cha kuhesabu mambo ya wazi kama umri na makosa ya nyuma. Hawakuwa wala rushwa. Wengi wao bila shaka waliamini wanatenda haki. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya mwenzangu naruka hitimisho, naenda kwanza kuona kama ameandika mambo yanayompinga.

Kuna pia ubishi wa namba. Kipimo cha uwezo wa akili (IQ) kikitoa 72, upande mmoja utasema amevuka mstari wa 70, si mlemavu wa akili. Lakini kila kipimo kina kosa lake. Alama ya 70 inamaanisha kwa uhakika mkubwa kwamba uwezo halisi uko kati ya 65 na 75. Mahakama ya Juu ya Marekani ililikubali hilo mwaka 2014 katika kesi ya Hall dhidi ya Florida, ikakataa mstari mkali wa 70 kwenye kesi za hukumu ya kifo. Uingereza ilikuwa imekwishapita njia karibu na hiyo mwaka 1991, katika rufaa ya Engin Raghip na wenzake, waliofungwa kwa mauaji ya polisi yaliyotokea Tottenham mwaka 1985. Ushahidi wa kisaikolojia juu ya uwezo wake mdogo wa akili na wepesi wake wa kukubali anayoambiwa ulichangia kuangusha ungamo lake. Aliyempima ni Gísli Guðjónsson, Mwaisilandi aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuwa mwanasaikolojia, na aliyebuni kipimo cha namna mtu anavyoyumbishwa na maswali ya shinikizo. Nalitaja hili kwa makusudi: kama kaka alitoa maelezo polisi akiwa katika hali ile, mwulizeni wakili kama mtaalamu alipewa maelezo hayo na kama aliulizwa chochote kuyahusu. Mara nyingi swali hilo husahaulika.

Swali jingine kwa mtaalamu wa mashtaka: alimwona kaka ana kwa ana? Linaonekana la kitoto, lakini kesi ya Barefoot ya Texas, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1983, ilihusu madaktari wawili wa magonjwa ya akili waliotabiri kwamba mshtakiwa ataendelea kuwa hatari bila hata mmoja wao kumpima. Waliulizwa maswali ya "tuseme kuna mtu wa namna hii", wakajibu kwa uhakika mkubwa. Chama chao cha kitaifa kiliiambia mahakama kwamba utabiri wa muda mrefu wa aina hiyo hukosea mara mbili kati ya tatu. Mahakama ikaupokea ushahidi hata hivyo, ikisema wakili anaweza kuupinga kwa maswali. Barefoot aliuawa mwaka uliofuata, kwa sindano ya sumu. Mmoja wa madaktari hao, James Grigson, alifukuzwa uanachama wa chama hicho mwaka 1995 kwa tabia hiyo ya kutoa maoni juu ya watu ambao hakuwapima na kudai uhakika usiokuwepo.

Wapo wanaofika mahakamani bila kumpima mtu na hakuna ubaya, kwa sababu hawamzungumzii mtu yeyote. Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa mfano, amekuwa akieleza mahakama namna kumbukumbu inavyofanya kazi kwa ujumla. Majaribio yake ya mwaka 1974 yalionyesha kwamba watazamaji wa filamu zile zile za ajali walikisia mwendo mkubwa zaidi pale walipoulizwa kwa kitenzi kikali kuhusu magari "yaliyovunjana" kuliko "yaliyogusana". Huyo anafundisha. Yule wa mashtaka kwenye kesi yenu anasema kaka yako, kwa jina, anaigiza. Aonyeshe alikaa naye lini.

Siku ya ushahidi yenyewe msitegemee mchezo wa kuigiza. Mtaalamu ataapa, ataulizwa elimu na uzoefu wake, jaji ataamua kama anakubalika kuwa mtaalamu wa jambo hilo, kisha ataieleza ripoti yake. Joto huanza upande wa pili unapomdodosa. Huenda hivi:

"Usiku wa tukio ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Kwa hiyo unachosema kuhusu akili ya mshtakiwa usiku ule ni kubahatisha."

"Ni hitimisho. Nimelijenga kwa kumbukumbu za kliniki za wiki mbili kabla, maelezo ya mashahidi wanne, video ya langoni na saa 7 na nusu za mahojiano na vipimo."

"Mashahidi wawili kati ya hao ni ndugu zake."

"Ni kweli. Nikiwaondoa hao wawili, uhakika wangu unapungua. Nimeliandika hilo ukurasa wa 11."

"Umelipwa kuja hapa?"

"Nalipwa kwa muda wangu. Ningelipwa hivyo hivyo kama ningeandika kinyume."

Utakapomsikia akikubali "ni kweli, uhakika unapungua", utaona kama anawasaliti. Usinune wala kutikisa kichwa. Majaji hutazama viti vya nyuma. Shahidi anayekubali udhaifu mdogo kwa utulivu huaminiwa kwenye jambo kubwa. Anayebishana mpaka na saa ya ukutani humalizwa palepale.

Kabla ya hapo, huenda mahakama ikawaagiza wataalamu wawili wakutane na kuandika taarifa ya pamoja: tunakubaliana haya, tunatofautiana haya, kwa sababu hizi. Wakili awe macho. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Jones dhidi ya Kaney, iliondoa kinga iliyowalinda wataalamu wasishtakiwe na waliowaajiri. Kesi ilitokana na madai kwamba mwanasaikolojia alisaini taarifa ya pamoja bila uangalifu, baada ya mazungumzo ya simu na mwenzake wa upande wa pili. Sikwambii hivyo ili umshtaki wenu. Nakwambia ili ujue karatasi hiyo moja inaweza kuwa na uzito kuliko ripoti zote mbili.

Mnachoweza kufanya ninyi kama familia ni kidogo lakini kina maana. Msimfundishe kaka cha kusema. Akipimwa tena, maneno ya kukaririshwa husikika, na vipimo vya uigizaji havitamhurumia. Msimpigie mtaalamu kumwomba abadilishe ripoti, maana simu hiyo ataulizwa mahakamani na atalazimika kuisema. Kama kuna jambo la ukweli lililokosewa, tarehe, jina, idadi ya miaka, lipitisheni kwa wakili kwa maandishi. Na tafuteni karatasi. Aliwahi kwenda kliniki, duka la dawa, kwa kiongozi wa dini, kwa msimamizi kazini akilalamikia watu wanaomfuata? Alituma ujumbe wa ajabu usiku wa manane? Usifute hata mmoja, hata unaoaibisha. Uhifadhiwe kwenye simu ile ile, na tarehe zake.

La mwisho ni kuhusu kaka mwenyewe. Amelia mbele ya mtu ambaye hakuja kumtibu, kisha mtu huyo akaondoka na daftari. Bado anahitaji mtu wa kuzungumza naye ambaye kazi yake ni kumhudumia yeye tu. Asiwe huyu mwanasaikolojia wa ripoti, hata akijitolea, kwa sababu kofia mbili kichwani pake zitaharibu ushahidi na tiba vyote viwili. Wakili anaweza kuomba kupitia uongozi wa mahabusu apatiwe huduma ya afya ya akili, na maombi hayo yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala mbaki nayo.